Tairi za Kumpeleka Bibi Arusi

Kuna siku moja haijanitoka mpaka leo, mwanangu Nasiri, na jana uliponitumia picha za zile tairi ilirudi yote, hata harufu ya asumini. Umeniuliza zipi zitapendeza zaidi kwenye gari lako, Ijumaa ya kumpeleka dadako Zuhura kwa mumewe. Sitakujibu kwa neno moja. Keti kwanza.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, hapa hapa Takaungu. Dada yangu Mwanaisha, mamako mkubwa, alikuwa anaolewa Malindi. Binamu yetu Salim alikuwa na gari la turbo, la buluu, likipita watu watoka majumbani. Nyanya akisema lile gari lakohoa kama mbuzi, lakini na yeye alikuwa akichungulia dirishani. Basi Salim akakubali kumbeba bibi arusi. Tairi zake zilikuwa zimekwisha, kipara kitupu, na mimi kwa kuwa nilipewa kazi ya kulipamba gari kwa asumini nikajifanya ndimi mwenyewe. Nikaandamana naye na shangazi mpaka Kilifi, kwa fundi wa tairi aliyeitwa Babu Karisa.

Babu Karisa alikuwa mzee wa Kigiriama, mpole, kofia ya ukindu kichwani, mikono myeusi kwa raba. Akatutolea tairi za namna mbili. Za kwanza pana, nyeusi ti, uso karibu uwe laini, na maandishi meupe ubavuni. Nilizipenda papo hapo. Za pili za kawaida tu kwa kuzitazama, zina mifereji mingi.

"Hizi za maandishi ni za mashindano," akamwambia Salim. "Raba yake yataka ipate moto sana ndiyo ishike. Hizi nyingine ni za barabara, na zawezana na mbio za gari lako. Tia kidole hapa. Chazama, sivyo? Humo ndimo maji hupita. Sasa tia kwenye zile. Maji yakisimama njiani yaende wapi? Gari litaelea."

Salim akaitikia kwa kichwa, alikuwa ameshaelewa. Mimi nikaingilia.

"Kaka Salim, wampeleka bibi arusi au wapeleka nazi sokoni? Wale wanawake wa Malindi watatuimba mpaka mwaka uishe!"

Wajua mambo yetu, mwanangu. Bibi arusi akifika, upande wa mume husimama mlangoni na nyimbo za vijembe. Mwaka ule kuna jamaa walikwenda na gari lenye mlango uliobonyea, na ule mlango ukaimbwa kila arusi. Mimi nikaapa sisi hatuimbwi. Shangazi akacheka, Salim akaona haya, tukatiliwa zile za maandishi meupe. Babu Karisa alitutazama, akavuta pumzi, akanyamaza.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya swala ya alasiri. Nilikuwa nyuma, nimemshika dada mkono, hina yake bado yanukia. Tumeshapita Kilifi mvua ikatupata. Salim akapunguza mwendo, wallahi hakuwa akikimbia. Pale barabara inapoinama kidogo maji yalikuwa yametanda, nikamwona azungusha usukani na gari halimsikii. Lilikuwa jepesi, kama halina kitu chini. "Ya Latifu!" akapiga kelele, nasi tukazunguka mpaka kwenye mkorosho. Mti ukaupiga mlango wa upande wa dada.

Ule mkono wake wa kushoto usionyooka, ambao nyinyi watoto mlidhani alizaliwa nao, ndio ulioumia siku ile. Ulipokuwa mchanga alikubeba upande mmoja tu. Nilikuwa nikimtazama nikiingia jikoni kulia.

Hospitalini bwana arusi akaja, na mamake, na wanawake wote waliokuwa wamengoja mlangoni. Nguo za dada zilikuwa zimekatwa na mkasi. Yule mama akavua leso yake akamfunika. Mimi nikasimama pembeni nangojea kijembe, na kilipochelewa nikashindwa, nikasema mwenyewe: "Mama, ni mimi niliyechagua zile tairi. Niliogopa mtatucheka."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma.

"Mwanangu, sisi pale mlangoni tulikuwa twamngojea mtu. Nani angeinama kutazama tairi?"

Baadaye nilikwenda kwa Babu Karisa kumwomba radhi. Akaniambia na yeye ana kosa lake. "Niliona, nikanyamaza, kwa sababu mlikuwa na furaha." Amekwisha kufa mzee yule, na mpaka leo nikipita pale Kilifi macho yangu humtafuta, na ile kofia yake ya ukindu.

Miaka ilipopita, nilipoanza masomo ya jioni ya watu wazima wasiojua kusoma, wenzangu walitaka kusoma barua. Mimi nilikwenda kusoma ubavu wa tairi ya baba yako. Mwalimu alicheka, kisha akanisaidia.

Basi nisikilize, kwa kuwa mimi sitanyamaza kama Babu Karisa. Zile za picha ya kwanza, zenye uso laini, wachia wenye viwanja vya mashindano. Chukua za barabara, zenye mifereji ya kuzama kidole, zinazowezana na nguvu za gari lako. Tazama tarakimu nne za ubavuni: mbili za wiki, mbili za mwaka zilipotengenezwa. Zikiwa za zamani zirudishe, hata ziwe zang'aa. Zote nne ziwe namna moja. Na mvua ikinyesha punguza mwendo, nyuma waache wapige honi watakavyo.

Wakituimba Ijumaa, waache waimbe. Nitakuwa nimetangulia kwa kina mumewe, nami nitajibu, sauti ninayo. Mamako mkubwa atakuwa kando yangu mlangoni, na mkono wake ule, amngojee Zuhura.

Mola akulinde barabarani, mwanangu, na vipenzi vyako utakaowabeba. Akufikishe kila unakokwenda, na kila mlango ukifunguliwa akuonyeshe nyuso unazozipenda, nzima na salama. Amin.