Mlango wa Mbele kwa Bi Gwladys

Eluned alikuwa muuguzi wa vijijini Wales, na papo hapo akisomea ubingwa wa kazi hiyohiyo. Mchana alifunga vidonda vya watu. Jioni alikula mkate na jibini peke yake juu ya vitabu. Marafiki walishachoka kumwalika.

Nyumba iliyobaki kumchangamkia ilikuwa ya Bi Gwladys, mwenye kidonda cha mguu. Milimani kule watu huingilia mlango wa jikoni. Mlango wa mbele ni wa mchungaji na jeneza.

Siku alipovaa sare mpya ya wanaosomea ubingwa, Eluned alizunguka nyuma kama kawaida. Akakuta pamefungwa.

“Pita mbele, Sista,” Bi Gwladys aliita.

“Bibi, ni mimi Eluned. Tangu lini nikawa mgeni?”

“Nimekuona dirishani na sare hiyo. Mkubwa haketi jikoni na mbwa.”

Akaketishwa sebuleni kwenye baridi, kikombe cha wageni chenye picha za maua mkononi. Nyuma ya mlango wa jikoni, mbwa Pero alikuwa akikwaruza na kulia. Mbwa yule hakuwa amepata habari za cheo.