Nilimshtaki Mtani wa Baba

Simu iliita saa moja kasoro dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumamosi, nikiwa jikoni kwangu Tabata namimina uji wa baba kwenye chupa. Aliyepiga alikuwa Sista Elinaza, muuguzi wa wodi ya wanaume.

"Dada Anjelina, za asubuhi. Baba Brightson yupo karibu?"

"Yupo."

"Naomba umpe simu."

Mtu akikupigia kutoka hospitali, halafu akataka kuzungumza na mumeo, habari umeshaipata. Nilimpa mume wangu simu. Akatoka nayo hadi uani, akasikiliza, akasema "sawa, sista" mara tatu. Mimi nikakaza kifuniko cha chupa. Aliporudi sikumuuliza kama baba amefariki. Nilimuuliza, "Alikuwa na nani?"

"Alikuwa na sista. Anasema hakumwacha."

Nikakaa sakafuni, nikasema asante Mungu, na baada ya hapo ndipo nikalia. Jirani aliyekimbilia kilio alinikuta nikishukuru huku machozi yananitoka, akadhani nimechanganyikiwa. Naandika haya ili yeye aelewe, na wengine walioniuliza. Siku kumi tu kabla ya asubuhi ile, mimi ndiye niliyemfanya sista huyo aondolewe kwenye kitanda cha baba.

Baba yangu, Albano Mapunda, alikuwa seremala wa vitanda. Alizaliwa kijiji cha karibu na Peramiho, akaja Dar es Salaam akiwa kijana, na karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba yetu, chini ya mabati. Alikuwa Mkatoliki wa kuamka alfajiri kusali rozari, Mngoni asiyechoka kutaja Ungoni wake, na mtu wa maneno mengi. Kitanda kikikamilika alikipanda mwenyewe kwanza, na viatu vyake, akageuka kulia na kushoto mbele ya mteja. "Kikinibeba mie na dhambi zangu," alikuwa akisema, "nyie wawili mtalala kama malaika."

Kitu chake kimoja nilikionea aibu tangu utoto. Ukitokea msiba wa Mhehe, hata uwe Kibamba huko, baba aliweka randa chini akaenda. Wangoni na Wahehe ni watani. Babu zetu walipigana vita, wakazikana, na vita vilipokwisha wakabaki kutaniana, na mtani ana kazi yake msibani. Baba alivaa koti la marehemu, akaiga mwendo wake, akalala njiani ili jeneza lisipite, mpaka wafiwa wacheke. Nikiwa kidato cha pili, mwenzangu mmoja alimwona kwenye msiba wa mjomba wake, akanisimulia mbele ya darasa zima. Tangu siku hiyo sikumfuata tena. Nimemaliza kidato cha nne, nimeolewa, nimezaa, na utani niliujua kwa kuusikia tu.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, miguu ilianza kumvimba. Akawa analala ameketi, kwa sababu akijilaza pumzi inakata. Hospitalini daktari alituita pembeni, akachora moyo nyuma ya karatasi, akatueleza kwamba wa baba umetanuka na mapafu yana maji. Alituambia bila kutuzungusha kwamba dawa zitampunguzia taabu, hazitamponya. Baba akalazwa kitanda cha nane, karibu na dirisha. Kitu cha kwanza alichosema ni kwamba aliyekiunga kile kitanda cha chuma hakuwahi kulala.

Hospitali yetu ina watu wengi kuliko vitanda, na wauguzi wanatembea kwa kasi mpaka unaona haya kuwasimamisha. Hata hivyo, sikuwa na la kulalamika. Walimgeuza, walimfuta, walimpa dawa kwa saa. Nilienda asubuhi na uji, mchana na chakula, jioni na shuka safi.

Jumatano ya wiki ya pili nilifika kabla ya muda wa kuona wagonjwa. Mlinzi alinizuia kwenye korido, na nikiwa nimesimama pale nikasikia sauti ya mwanamke kutoka wodini.

"Wewe mzee, babu zako walikimbia vita vya Shaka kutoka Afrika Kusini mpaka Songea. Leo wewe unakimbia sindano? Utaishia wapi, Misri? Lete mkono huo!"

Wodi nzima ikacheka. Sauti ya baba sikuisikia. Nikasogea nikachungulia: baba ameinamisha kichwa, mabega yanamtikisika, na mbele yake amesimama muuguzi mfupi mnene mwenye sindano mkononi. Nikajua baba analia.

Sikuingia wodini. Nilikwenda moja kwa moja kwa muuguzi mkuu, Bi Mwajabu, nikaomba karatasi, nikaandika ukurasa mzima kwa mwandiko mzuri. Niliandika kwamba muuguzi Elinaza anamtukania baba yangu kabila lake mbele za watu, na anamfanya kichekesho kama mwendawazimu ilhali ni mtu mzima anayekaribia kufa. Jina lake nililisoma kifuani. Kwa jina lile nilimdhania Mpare, na wala sikuuliza.

Bi Mwajabu aliisoma yote. "Una hakika, mwanangu?"

"Nimesikia kwa masikio yangu, mama."

Kesho yake Sista Elinaza hakuwepo. Alipelekwa kliniki ya watoto wakati malalamiko yanashughulikiwa. Nilijiona mtoto mwema.

Ijumaa baba alikula vijiko viwili, akasukuma kikombe. Akaniuliza, "Yule mla mbwa yuko wapi?"

Nikafikiri homa imepanda. "Mla mbwa gani, baba?"

"Mhehe wangu! Wala mbwa si ndio hao Wahehe? Yule mfupi. Siku ya pili hii simwoni."

Mzee wa kitanda cha saba akadakia, "Amehamishwa. Eti kuna ndugu wa mgonjwa kamshtaki."

Baba akanitazama. Alikuwa ananijua tangu nikiwa mtoto wa kuficha madaftari, na sikuhitaji kufungua mdomo.

"Ni wewe, Anjelina?"

"Baba, nilikuona unalia."

"Nilikuwa nacheka! Nimekosa pumzi ya kucheka kwa sauti, basi imekuwa kilio?" Akahema, akangoja, akaendelea. "Hawa wengine ni wazuri, Mungu awabariki. Lakini wananinong'oneza. Pole babu, pole babu, kama wameshanivisha sanda. Yule peke yake anaongea na mie kama mtu aliye hai. Nawe umeniondolea."

Akageukia dirishani. Jumamosi hakula, akasema hali mpaka mla mbwa arudi. Jumapili nilimletea samaki wa nazi, chakula alichokipenda kuliko vyote, hakula, wala hakunijibu salamu. Daktari wa zamu alinieleza kwamba asipokula chakula, dawa zitamwelemea. Usiniulize nilisali nini Jumapili hiyo. Niliona baba yangu anakwenda zake akiwa amenipa mgongo, na sababu ni karatasi niliyoandika mwenyewe kwa mwandiko mzuri.

Jumatatu nikaenda kliniki ya watoto. Sista Elinaza alikuwa anapima uzito, mtoto ananing'inia kwenye mzani anapiga mayowe.

"Sista, mimi ni binti wa mzee Albano. Nimekuja kukuomba radhi."

Hakunitazama. "Kilo saba na nusu, mama, mwongeze maziwa. Anayefuata." Kisha akaniambia, "Dada, mie nimeshaandika barua ya kujieleza, yamekwisha. Nina foleni hapa."

"Sikujua kama wewe ni Mhehe."

"Mama yangu Mpare ndiye aliyenipa jina. Baba ni Mhehe wa Kalenga. Ungeniuliza ningekwambia."

"Ni kweli. Nimekosa." Nikasema yaliyonileta. "Baba amegoma kula. Anasema hali mpaka mla mbwa arudi."

Mkono wake ukasimama kwenye mzani. "Amesema hivyo? Mbele za watu?"

"Wodi nzima imesikia."

Akacheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa gauni, na kina mama kwenye benchi wakaanza kucheka bila kujua sababu. "Mngoni mjinga yule! Njaa itamuua kabla ya moyo." Halafu akawa na uso wa kazi tena. "Sikiliza, dada. Mie siwezi kurudi kwa kucheka tu. Nimeandikwa. Nenda kwa Bi Mwajabu ukalifute uliloandika."

Bi Mwajabu aliniambia karatasi haifutwi, inaandikwa nyingine. Nikaandika ya pili. Ile ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, kwa sababu ya kwanza nilimwandika mtu mwingine, na hii nilijiandika mwenyewe. Bi Mwajabu akaibana pamoja na ile ya kwanza. "Nilimuuliza sista siku ile kwa nini hasemi kama ni utani," aliniambia. "Akanijibu, mwenye mgonjwa ameshaumia, nikisema ni utani nitakuwa namwambia ameumia bure."

Jumanne mchana nilikuwa nimeketi karibu na baba, yeye na dirisha lake, mimi na sahani yangu. Mlango wa wodi ukafunguliwa.

"Nimesikia kuna Mngoni amesusa chakula hapa. Tangu lini Mngoni akasusa chakula?"

Baba hakugeuka. "Fungeni mbwa wenu jamani, huyo amerudi na njaa."

"Mbwa wa hapa wamekonda, mzee. Nitaanza na wewe."

"Mie nitakukwama kooni."

"Basi kula kwanza, unenepe."

Akageuka. Kijiko nilikishika mimi, na alikula nusu sahani. Alipomaliza akanifuta mchuzi ulionimwagikia mkononi, kwa kidole gumba, kama alivyokuwa akinifuta utotoni. "Yamekwisha, mama," akaniambia. Baba alikuwa akiniita mama pale tu aliponipenda sana.

Siku zilizofuata zilikuwa njema, ingawa mwili ulikuwa unashuka. Alhamisi Padre alikuja kumpa Mpako wa Wagonjwa. Ijumaa jioni, muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha, baba alimwambia Sista Elinaza, aliyekuwa anaingia zamu ya usiku, "Siku yangu uje."

"Nitakuja. Nani mwingine atahakikisha kweli umekufa?"

Tulicheka wote watatu. Nikambusu baba kwenye paji la uso, nikaenda nyumbani.

Yaliyotokea asubuhi alinisimulia Sista Elinaza mwenyewe siku hiyohiyo, tukiwa tumekaa kwenye benchi la nje tukisubiri cheti cha kifo. Saa kumi na moja pumzi ya baba ilibadilika. Daktari alikuja, wakamwinua, wakaongeza oksijeni, akachomwa sindano ya kupunguza maji. Daktari akamwambia sista kwa macho kwamba hakuna zaidi la kufanya. Zamu yake ilikuwa inaelekea mwisho na kazi za kukabidhi zilikuwa nyingi, lakini alimwomba mwenzake amsaidie, akaketi. Baba alitaka kusali na midomo haikuweza, basi sista akamsalia Baba Yetu.

"Mie Mlutheri," alisema. "Nikafika mwisho nikaunganisha, kwa kuwa ufalme ni wako. Nyie Wakatoliki pale huwa mmeshasema amina. Baba akafumbua jicho moja akaniangalia, kama anasema, unaniongezea nini wewe! Halafu akafumba. Hakufumbua tena."

Nilimwomba anisimulie mara ya pili, na alinisimulia.

Tulimzika Jumanne huko Segerea, baada ya misa. Sista Elinaza alikuja na wanawake wawili wa Kihehe. Alikuwa amevaa koti la kazi la baba, lililompita magotini, na penseli nyuma ya sikio. Jeneza lilipokaribia makaburini akajilaza njiani. "Hapiti! Huyu hajafa, amekimbia tena!" Vijana waliobeba wakasimama. Shangazi zangu wakaanza kucheka, mume wangu akacheka, na mimi nikajikuta nimeshika mbavu. Tukampa kuku, haki yake ya mtani, akainuka, akavua koti, akalikunja na kunikabidhi kwa mikono miwili. Akasogea pembeni na kuinamisha kichwa kama wafiwa wengine.

Padre akabariki kaburi. Jeneza likateremshwa kwa kamba, taratibu, upande wa miguu ukitangulia kidogo hadi wakalisawazisha. Mume wangu alitupa udongo, nikatupa mimi, akatupa mwanangu Brightson. Vijana wa jumuiya yetu ya kanisani wakafukia kwa kupokezana makoleo, na sisi tukaimba hadi kilima kikasimama. Msalaba ukasimikwa, mashada yakawekwa, langu la kwanza. Tukasali raha ya milele umpe, ee Bwana. Katibu wa jumuiya akawashukuru watu, akatangaza kwamba chakula kiko nyumbani. Jua lilikuwa bado kali. Nikagusa msalaba, nikamwambia baba kwaheri, nikaondoka na wenzangu.