Samaki Jikoni kwa Cucu

Kila nikipita kibanda cha samaki pale Kiganjo, ile harufu ya mafuta hunirudisha nyumbani, kando ya maporomoko ya maji.

Baba alikuwa akivua kambare mtoni, mama akiwakaanga nje, karibu na njia. Nje, kwa sababu cucu, mama yake baba, hakutaka samaki jikoni mwake. "Hao ni nyoka wa maji," alisema, na sufuria zake hatukuthubutu kuzigusa.

Halafu wageni kutoka Nairobi wakaanza kuja kupiga picha na kufungulia muziki. Jumapili moja, mwanamke mwenye miwani ya jua alisimama mbele yetu akiwa ameziba pua.

"Hamuwezi kupikia hii kitu mbali? Inanuka, na sisi tumekuja kupumzika."

Mama akainama kuzima moto. Cucu, aliyekuwa mlangoni akichambua maharagwe, akainuka. Alishika karai la samaki kwa leso yake, akaliingiza jikoni, akaliweka juu ya mafiga yake mwenyewe.

"Kaangia hapa," alimwambia mama.

Kisha akachukua kipande, akarudi mlangoni, akakitafuna akimtazama yule mgeni. Machozi yalimlengalenga kwa kichefuchefu, lakini alimeza.