Neno la Ziada

Mkuu wa ofisi yetu huchinja maneno. Barua ikitua mezani kwake, hufungua kalamu nyekundu kwa meno, kisha hufyeka. "Barua ya ofisi haitaki mbwembwe, mwanangu." Niliandika kuomba ruhusa ya kwenda kumuuguza mama, mgonjwa sana. Akakata "sana". Nikachapa upya. Akakata "mgonjwa": "Kwani huwa anauguzwa mzima?" Nikachapa tena. Nilikuwa nimesimama mbele yake, karatasi ya tatu iko mikononi mwake, simu yangu ilipoita. Dada alikuwa analia: mama ametutoka. Nikamwambia mkuu. Alinitazama. "Pole," akasema, neno moja tu. Halafu kalamu ikarudi kwenye karatasi, ikakata "kumuuguza".