Korongo Lilipokuja na Jua

Nikianza kuzungumza habari za mvua, mke wangu huinuka kwenda kuangalia mboga jikoni, hata kama jikoni hakuna mboga. Simlaumu. Mara nyingi mno nimemwacha na chakula kinapoa, nimetoka nje kutazama wingu. Mimi ni fundi simu hapa Ikungi. Kazi yangu ni kubadilisha vioo na kuchomelea matundu ya chaji, lakini moyo wangu uko juu angani. Mvua kubwa, upepo wa kung'oa mabati, makorongo yanayofurika, hivyo ndivyo vitu ninavyovifuata kama wengine wanavyofuata mpira. Nikisikia barabara imekatika mahali, nawasha pikipiki nikaone maji yamepita wapi na yamebeba nini.

Na niseme ukweli, hakuna kinachochosha kama kupenda hali ya hewa katikati ya watu wanaongoja mvua. Ukisema itanyesha isiponyesha, unazomewa mpaka sokoni. Ukisema itanyesha na ikanyesha vizuri, hakuna anayekumbuka kwamba ulisema. Ikinyesha ikabomoa choo cha mtu, hapo ndipo wanapokukumbuka: "Si wewe uliyekuwa unaiangalia?" Kuiangalia! Kana kwamba wingu ni mtoto wa watu, nimemkazia macho akalia. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, alinifuata kibandani kwa heshima zote akaniomba nisitazame upande wa shamba lake mpaka avune alizeti. Nikamwambia mama, mimi sina uwezo huo. Akajibu, "Najua baba, lakini niahidi tu." Nikaahidi. Ningefanyaje?

Tuna kundi letu kwenye simu, watu wa ugonjwa mmoja waliotawanyika mkoa mzima. Mmoja yuko Rungwa na mizinga yake ya nyuki, mwingine Ulemo, wengine huku kwetu. Makubaliano ni kwamba kila mtu aseme anachokiona kwake kwa macho yake. Basi, hilo tu. Lakini haipiti wiki bila mtu kuleta video ya mamba anakatiza barabarani, ati "Singida leo". Singida ipi? Nyuma ya huyo mamba kuna minazi! Nimegombana na watu wazima kwa ajili ya minazi hiyo mpaka sauti ikanikauka.

Ila siku ninayotaka kuisimulia, kundi hilohilo ndilo lililoniambia ukweli, na ukweli wenyewe nikakosa wa kumpa.

Inabidi kwanza nieleze habari ya ukwe. Kwao mke wangu, pembeni ya Ihanja, bado wanaishika heshima ya ukwe kwelikweli. Mimi na mama mkwe hatujawahi kukaa chumba kimoja. Hatupeani mikono, hatutazamani usoni. Tukikutana njiani mimi nasogea pembeni, yeye anajifunika khanga na kunipa mgongo, anangoja hapohapo mpaka nipite. Salamu zetu hupitia kwa mtu wa tatu, hata kama sote tunasikia. "Mwambie mama shikamoo." "Mwambie marahaba, watoto hawajambo?" Nilipomfungia taa ya sola, alikwenda kushinda kwa jirani mpaka nilipomaliza. Sikuwahi kuliona jambo hili kuwa baya. Wenzangu wanagombana na wakwe zao kila Krismasi, sisi tungegombania wapi?

Siku hiyo tulikwenda kumsalimia. Mke wangu na dada yake wakaenda mashineni kusaga, mimi nikabaki kwa shemeji yangu, mdogo wake wa kiume, kwa sababu huko ndiko ninakofikia. Mvua ilikuwa imesimama kwa muda, mahindi yameanza kujikunja, jua linachoma. Bomba la kijiji lilikuwa limekufa tena, kwa hiyo wanawake walikuwa wamerudi kwenye visima vya korongoni. Korongo lao ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Unachimba shimo, unangoja maji yajikusanye, unachota kwa kata kidogokidogo. Maji yake ni matamu, hilo sibishi.

Nilipotoka nje tu nikaliona. Juu yetu anga jeupe, lakini kule korongo linakotoka, nyuma ya vilima, kulikuwa na wingu jeusi limejijenga kwenda juu, na kichwa chake kimetandaa kama mwamvuli. Wingu la namna hiyo huwa halitanii. Nikapanda juu ya mwamba, maana kijiji kile mtandao unapatikana mwambani tu, nikafungua simu. Ujumbe wa sauti ulikuwa umeshaingia, wa mwenzetu anayekaa huko juu. Anasema na mvua inapiga bati mpaka humsikii vizuri: "Kaka, huku ni balaa. Korongo limejaa ukingo kwa ukingo na linashuka huko kwenu. Waambie watu watoke chini!"

Niliteremka mwambani nusura nivunje shingo. Shemeji yangu alikuwa barazani pa duka, anacheza drafti kwa vizibo vya soda, wenzake wamemzunguka.

"Shemeji, korongo linakuja. Nani yuko visimani?"

"Mama yuko huko." Hakuinua hata kichwa.

"Basi kamtoe!"

Wakacheka. Mmoja akanyoosha mkono juani, akaugeuzageuza kama mtu anayepima matone. "Jua hili hata kuku wamejificha, fundi, wewe unatuletea mafuriko?"

Jamani! Hawa watu wamezaliwa kando ya korongo. Wanajua kabisa kwamba linaweza kuja bila tone moja kudondoka kijijini. Wameona ng'ombe wakisombwa huku mbuzi wanaota jua. Lakini kwa sababu anayesema ni mimi, mtu wa mawingu, basi leo maji hayawezi kutembea. Nikamsikilizisha shemeji ule ujumbe. Akausikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Sawa, naenda. Ngoja nimle huyu kingi wake, kabakiza mmoja."

Ngoja nimle huyu kingi! Mpaka leo nikikumbuka, damu inachemka. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini hili halikuwa sikio lake la kufa, lilikuwa la mama yake.

Nikakimbia mwenyewe. Njia ya kuteremka visimani ni moja tu, ufa mwembamba kwenye ukingo mrefu wa udongo. Nilipofika nikakutana na wanawake wawili wanamalizia kupanda, ndoo vichwani. Chini kabisa, katikati ya mchanga, mama mkwe alikuwa ameinama shimoni anachota.

"Dada zangu, mwambieni mama atoke sasa hivi. Maji yanakuja."

Walitazama juu, wakanitazama mimi, lakini wakapaza sauti. "Mama! Toka huko, mkweo anasema maji yanakuja!"

Mama akainua kichwa. Akaniona nimesimama mdomoni mwa njia. Na akafanya kile alichofanya kila tulipokutana miaka yote: akajifunika khanga kichwa na uso, akanipa mgongo, akaketi chini mchangani kuningoja nipite.

Maji yanakuja, na mama ameketi kwa heshima yangu.

"Mwambieni asikae!"

"Mama, usikae!"

Sauti ikatoka chini ya khanga, tulivu kabisa: "Mwambieni atangulie tu, nitapanda."

Nikaona kosa ni langu, mimi ndiye nimeziba njia. Nikarukia nyuma ya kichaka nikajibanza. Lakini mtu aliyejifunika uso ataonaje kwamba nimeondoka? Nikapiga kelele, "Mama, nimeshaondoka!" Sasa hapo, mtu aliyeondoka anapigaje kelele? Aliposikia sauti yangu akazidi kujivuta ndani ya khanga. Wale wanawake, mmoja akaanza kucheka. Kadiri nilivyohangaika kumwokoa ndivyo nilivyomgandisha palepale.

Kisha kicheko kikakatika. Kwanza ilikuwa harufu ya udongo uliolowa, na kwetu hapakuwa na udongo uliolowa. Halafu mngurumo wa chinichini, kama lori lenye mzigo linapanda mlima. Kwenye kona ya korongo likatokea povu la kahawia, limebeba vijiti na mavi ya ng'ombe, linakuja taratibu kama halina haraka. Mimi ninalijua povu hilo. Limetangulia tu, mwenye mwendo yuko nyuma yake.

Sikufikiria ukwe, sikufikiria chochote. Niliteremka ule ufa kwa makalio, nikakimbia mchangani, nikamshika mama mkwe wangu mkono. Alishtuka akapiga ukelele, akaurudisha mkono wake kwa nguvu. Nikamwambia, "Mama nisamehe," nikambeba. Mama si mwepesi, na mchanga ulikuwa umeanza kulegea chini ya miguu yangu. Maji yalinipata magotini, halafu mapajani kabla sijaufikia ukingo. Wale wanawake wawili walikuwa wamebwaga ndoo zao, wamelala kifudifudi juu, wamenyoosha mikono. Walimvuta yeye, halafu wakanivuta mimi. Nilipogeuka, kile kisima hakikuwepo, wala mchanga haukuwepo. Lilikuwa limebaki korongo, limejaa, linabingirisha magogo.

Hapo sasa ndipo watu walipofika! Kijiji kizima kikaja mbio, na nusu yake wameinua simu wanapiga picha. Miaka yote ninapiga picha mafuriko, wananiita kichaa. Siku hiyo nilikuwa nimekaa chini, simu imelowa, sina hata picha moja. Shemeji yangu akaja anahema, akamtazama mama yake, akanitazama mimi, na swali lake la kwanza, nawaapia, lilikuwa hili: "Shemeji, umemshika mama?"

Nilitaka kumtukana. Nikainuka nikaenda zangu.

Wakaitisha kikao. Wazee wa ukoo wakakaa uani kwenye viti, mimi nikawekwa kwenye stuli pembeni, mke wangu nyuma yangu amenuna kwa niaba yangu. Walizungumza kwa upole, siwezi kusema walinionea. Mzee aliyekuwa anaongoza alinishukuru sana, akasema Mungu anibariki, kisha akasema hata hivyo mkwe ameshikwa, na jambo la namna hiyo haliachwi hivihivi, itabidi nitoe mbuzi wa kusafisha. Nilikasirika mpaka masikio yakaniuma. Mbuzi! Kwa kumtoa mama yao majini! Shemeji yangu alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Nikaanza kuinuka, mke wangu akanivuta shati.

Mzee akageukia mlango wa nyumba, maana mama alikuwa amekaa ndani, nyuma ya pazia, kama inavyotakiwa. Akamuuliza kwa taratibu zao, ni kweli mkweo alikushika?

Sauti yake ikatoka, na kwa mara ya kwanza niliisikia haianzi na "mwambie".

"Alinishika mkono nikamnyang'anya. Akaubeba mwili wangu. Lakini shingoni, mimi ndiye niliyemshika yeye, na hata tulipofika juu sikutaka kumwachia. Kama ni mbuzi, andikeni na wangu."

Hakuna aliyecheka. Hasira zangu zote zikanitoka palepale kwenye stuli, nikalia mbele ya wakwe zangu, mtu mzima na ndevu zangu.