Gari Likikwama Njiani, Wote Wanasukuma

Enzi zetu mchezo haukununuliwa dukani, ulikatwa kwa kisu kutoka kwenye katoni ya biskuti. Ninyi mliokulia kwenye vilima vya Masisi, huku mashariki ya Kongo, miaka ile ya vita mnanielewa. Shule ilifungwa kwa sababu wanajeshi walilala madarasani, maharage yalikuwa bado mabichi shambani, na sisi tulikuwa na vakanse, likizo isiyo na mwisho. Tulifanya nini? Tulitengeneza vita yetu ya kadi, na nawaambia, sijawahi kufanya kazi kwa bidii namna ile tena maishani.

Tulikuwa watatu. Mimi, Bahati, msichana aliyekimbia na mama yake kutoka Walikale wakapokelewa nyumbani kwetu, na Kasereka, mtoto wa mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka na lori, ndiye bwana wa katoni zote. Mama alituwekea sharti moja tu: «Bunduki haiingie mu nyumba yangu, hata ya karatasi!» Basi jeshi letu likawa la ajabu. Tulichora fahali wa Masisi mwenye pembe ndefu, nyuki, mbuzi mkorofi, na bibi mwenye fimbo, ambaye alimpiga kila mtu isipokuwa nyuki.

Kupigana kulikuwa rahisi. Kutembea ndiko kulikotutoa jasho! Tulichora kwa makaa, juu ya katoni kubwa, barabara moja ya kwenda soko la Walikale, yenye vyumba vya kuhesabia hatua. Nyuki anaruka vyumba vitatu, lakini mvua ikinyesha je? Tulibishana tangu asubuhi hadi harufu ya sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, ikatuita kula. Mwishowe tukakubaliana: mvua ikinyesha kweli nje, nyuki hawatoki. Fahali anakwenda chumba kimoja tu, ila yeye peke yake anaruhusiwa kukata kilima, yaani kuacha kona za barabara na kufupisha njia. Kasereka naye alichora kadi ya lori kama la baba yake: lilikimbia vyumba vitano, likibeba kadi tatu, na likikanyaga tope linakwama. Hapo Bahati, ambaye kwa kawaida hakusema sana, akaweka sheria yake: kadi yoyote iliyo jirani na lori lililokwama lazima isukume, na zamu yake imekwisha.

«Hata ya adui?» Kasereka akauliza.

«Hata ya adui. Njia iko moja.»

Ikaja siku ya mechi kubwa. Mimi na Bahati upande mmoja, Kasereka upande wa pili. Atakayefikisha kadi tatu sokoni kwanza anachukua kadi zote za mwenzake. Zetu zilikuwa kumi na tisa, tumezichora kwa kalamu ya Biki ya mwisho iliyobaki nyumbani, na nyingine isingepatikana. Nyuki wetu na bibi walikuwa wameshaingia Walikale. Kasereka, kwa pupa yake, akahesabu vibaya akatumbukiza lori topeni, vyumba viwili kabla ya soko. Na kando yake, nani? Fahali wetu! Akate kilima tu, anaingia, tumeshinda.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kupiga vigelegele. Kasereka alishika kichwa. Sheria ya kusukuma aliisahau kabisa. Mimi niliikumbuka, nikanyamaza kama maji mtungini. Bahati akaweka kidole juu ya fahali.

«Iko jirani na gari. Inasukuma.»

Nikamfinya paja. «Weye! Kadi zetu zote!»

«Siye tulifika huku sababu bantu benye hatujue balisukuma gari yetu,» akasema. «Hakuna mwenye alituuliza tuko ba nani.»

Akasukuma. Lori likatoka topeni, likaingia sokoni na kadi zake tatu. Kasereka akazikusanya zetu zote kumi na tisa bila aibu, mtoto wa biashara yule! Nililia kwa hasira mpaka Mama akaja kuuliza nani amekufa. Bahati hakulia. Alikula sahani mbili za sombe.

Leo mpwa wangu hapa Goma anapigana vita kwenye simu kwa kidole gumba, kichwa chini, ukimwita mara tano anaitika mara ya sita. Majuzi nilikaa naye nikamuuliza, mchezo wenu una sheria gani, gari likikwama nani anasukuma?

«Tantine, hapa hakuna gari ya kukwama.»

«Na weye ukikufa?»

«Ninaanza tena tu.»

Nilicheka naye. Lakini usiku huo niliwaza: vakanse nzima tulibishana kuhusu nyuki, mvua na tope, tukaandika sheria za kila kitu tulichowahi kukiona. Hiyo ya kuanza tena haikumjia yeyote kati yetu.