Mama Mkwe na Foleni ya Boti

Sina ugomvi na mtu anayelipa ili akatapishwe na mashine za bustani ya michezo kwa hiari yake. Ugomvi wangu ni na foleni, hasa ule uchochoro mwembamba wa pembeni, wenye kamba ya zambarau mlangoni, wanakopita waliolipia kuturuka sisi wengine.

Mara ya kwanza kwenda kwenye bustani ninayoisema ilikuwa 2017, mwaka tuliohamia mji wa Euless, huku ughaibuni. Tulikata tiketi, tukaegesha gari, tukasimama kama watu wote walivyosimama, tukapanda tulichopanda, na tukarudi nyumbani hela ya mafuta ikiwa bado ipo. Mwaka uliofuata maegesho yakapanda bei. Kisha yakapanda maji ya kunywa, kana kwamba kiu ni anasa. Halafu wakaleta pasi ya kuruka foleni. Ilianza kidogo kidogo, unaona bangili ya plastiki kwenye mkono huu na ule. Kufikia kiangazi cha 2019 pasi zenyewe zilikuwa na madaraja, ya kuruka kidogo, ya kuruka zaidi na ya kuruka kabisa, na bei haikukaa mahali pamoja. Asubuhi kwenye simu unaona hii, ukifika getini unakuta nyingine, jua likipanda nayo inapanda. Mimi ni mtu wa ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, najua jinsi mteja anavyokamuliwa akitaka kitu chake kifike haraka. Lakini boksi likichelewa haliumwi miguu.

Kiangazi hicho mama mkwe alikuwa kwetu. Alikuja kutoka Korogwe, mara yake ya kwanza kutoka nje ya nchi. Anayejua ukwe wa kwetu hahitaji maelezo. Mama mkwe humwinulii sauti, humbishii, hukai naye kochi moja ukanyoosha miguu. Sasa jaribu hayo yote kwenye fleti ya vyumba viwili. Nilikuwa nakohoa mlangoni kabla ya kuingia jikoni kwangu mwenyewe.

Lakini tatizo la nyumba halikuwa mimi na yeye. Lilikuwa yeye na binti yangu, aliyekuwa na miaka tisa. Kiswahili anakisikia kidogo tu, na ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, na bibi yake Kiingereza hakijui hata cha kuombea chumvi. Bibi alijaribu kuingia kwa utani, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wa kike.

"Wee mke mwenzangu," akamwambia siku moja, "mume wetu leo umempikia nini?"

Mtoto akanigeukia mimi, macho yamemtoka. "Baba, who is our husband?"

Nikaanza kueleza kwamba ni babu, kwamba ni utani tu, kwamba kwetu bibi na mjukuu hugombania mume mmoja. Utani ukishaelezwa umekwisha. Tangu hapo walikaa kila mmoja upande wake wa kochi, huyu na tableti, yule na tasbihi, wakitabasamiana kwa adabu kama abiria wasiojuana. Usiku mmoja mke wangu alitoka bafuni macho mekundu. Mama yake alikuwa amemwambia, "Mwanao hanitaki."

Kilichowafungua ni boti. Mtoto alikuwa anaangalia kwenye simu video ya ile boti ya bustani, inayopandishwa juu kabisa kisha inaachiwa iporomoke hadi kwenye maji. Bibi akachungulia, akacheka. "Hicho ndicho cha kuwapigisha watu kelele? Mimi nimevuka mto kwa mtumbwi, mafuriko, na mama yako tumboni!"

Nilipomtafsiria, mtoto aliweka simu chini. Akauliza mtumbwi ulikuwa mkubwa kiasi gani. Akauliza nani alikuwa anapiga kasia. Maswali yakafuatana, mimi katikati natafsiri huku na huku kama mtu wa mahakamani, na mwisho akatangaza kwamba yeye na Bibi watapanda ile boti pamoja, kiti kimoja. "Bibi, boti. Saturday!" Na mama mkwe akaitikia, "Satadei!" Wiki nzima neno lilikuwa hilo. Mke wangu alikuwa ananiangalia kwa furaha ambayo sikutaka kabisa iharibike, kwa sababu Jumanne ya baada ya hiyo Jumamosi mama yake alikuwa anaondoka, na haikujulikana kama angerudi tena.

Jumamosi yenyewe mke wangu alikuwa zamu hospitali. Tukaenda watatu. Getini mlinzi akafungua kapu la mama mkwe, akakuta chapati na kachori alizoamkia alfajiri, akasema chakula cha nje hakiruhusiwi. Nikalirudisha kapu kwenye gari, mwisho kabisa wa uwanja wa lami, kwenye joto la kukaangia yai.

"Kwani ndani wanatupikia?" mama mkwe akauliza niliporudi natiririka jasho.

"Wanauza, mama."

"Aa," akasema. Ile "aa" ilinichoma kuliko jua.

Binti yangu naye alishasoma bango la bei. "Baba, can we get the pass?"

"Hatununui. Tutasimama kama watu."

Nilisema kwa sauti kubwa kidogo, ili na kibanda cha pasi kisikie. Pasi tatu zilikuwa ghali kuliko tiketi tulizoingilia. Yaani kuingia ni bei moja, na kupata ulichokiingilia ni bei nyingine. Nilikataa, na ningekataa tena.

Tukasimama. Foleni ilikuwa inapinda na kurudi ndani ya vyuma, mabati juu, feni chache zinazopuliza hewa moto. Nyuma yetu alikuwa bibi mmoja wa Kimeksiko na wajukuu zake wawili. Yeye na mama mkwe hawakuwa na neno hata moja la pamoja, lakini baada ya muda mfupi walikuwa wanapeana zamu ya kupepewa na kipepeo cha yule Mmeksiko, na mama mkwe alikuwa amefungua pochi anagawa tende. Kila boti ilipofika, kijana wa pale mbele alifungua kwanza kamba ya zambarau. Wenye bangili wakajaa. Viti vilivyobaki ndivyo vikawa vyetu, na mara nyingine havikubaki.

Mama mkwe alikuwa anatazama tu. Mwisho akauliza, "Wale mbona wanapita?"

"Wamelipia, mama."

"Wamemlipa nani?"

"Wenye bustani."

Akafikiri. "Lakini nafasi wanazochukua si zetu sisi tuliosimama? Mbona sisi hatujapewa kitu?"

Nimefanya kazi na mameneja, nimekaa kwenye semina za biashara, na sijakutana na mtu wa kunijibia swali hilo.

Tulikuwa tumeshafika mahali boti zinapoonekana, mtoto akabanwa na haja. Na njaa juu yake. Mama mkwe akasema bila kufikiri mara mbili, "Nendeni, nawashikia nafasi." Wala mimi sikufikiri. Nimekulia kwenye foleni za bomba, ambako unaacha ndoo yako kwenye mstari unakwenda kupika, ukirudi unakuta imesogezwa mbele na jirani, na hakuna wa kuigusa. Nafasi ni ya mtu hata akiwa hayupo. Nikamwona mama mkwe akimgeukia mwenzake, akaonyesha vidole viwili, kisha mkono juu kwa mrefu na mkono chini kwa mfupi, kisha akaashiria watarudi. Yule Mmeksiko akaitikia kwa kichwa, akawaeleza na waliokuwa nyuma yake. Mambo yalikuwa yamepangwa kuliko kikao cha harusi.

Tuliporudi watu walitupisha. Nasema hivyo kwa kusisitiza. Hakuna hata mmoja katika wale waliosimama aliyelalamika. Aliyelalamika ni yule kijana wa mbele, mwenye redio ya kiunoni, ambaye hakuwa kwenye foleni. Akashuka na kuniambia, kwa upole wa kufundishwa, kwamba kukata foleni ni kosa la kutolewa nje bila kurudishiwa hela. Nikamwambia hatukukata, tulishikiwa nafasi. Akasema kushikiana nafasi ndiko kukata kwenyewe. Bibi huyu anaweza kubaki kwa sababu hakuondoka, ila mimi na mtoto turudi mwisho. Yule mama wa Kimeksiko akamjia juu kwa Kihispania, anapiga kifua, anatuonyesha. Haikusaidia. Na katikati ya maneno hayo hayo, familia moja yenye bangili ikafika. Kijana akaniomba radhi, akawanyanyulia kamba, akawatakia burudani njema, akanigeukia tena kuendelea kunieleza ubaya wa kukata foleni.

Kama si mama mkwe kuwepo, ningetoa maneno ambayo hata Korogwe hayasemwi mchana.

Mama mkwe hakuelewa maneno lakini alielewa kidole kilichoonyesha nyuma. Akachuchumaa akapita chini ya chuma, ingawa goti lake moja ni bovu, akatufuata. Tukarudi hadi mwisho wa foleni, ambao sasa ulikuwa umetoka nje ya mabati, juani. Ukihesabu vichwa ulijua boti ile tutaiona jioni, au hatutaiona. Mtoto hakulia kwa kelele. Aliinamisha kichwa tu, machozi yanadondoka kwenye viatu.

"Bibi is leaving Tuesday," akasema. "You promised."

Nikatoka kwenye mstari. Nilikwenda kwenye kibanda nikanunua pasi tatu. Bei ilikuwa imepanda tangu asubuhi. Nililipa huku nimeuma meno, na msichana wa kibandani akanitakia siku ya ajabu.

"Bangili ya nini hii?" mama mkwe aliuliza nilipomfunga mkononi.

"Ya kupandia boti, mama." Sikuongeza. Ningeanzia wapi?

Ule uchochoro wa pasi ulikuwa umejengwa ubavuni mwa foleni ya kawaida, karibu kiasi cha kupeana mikono. Sijui nani alichora ramani hiyo. Tukapita watu waliokuwa wametupisha muda mfupi kabla, nyuso zile zile. Mama mkwe alikuwa mbele yangu, anakwenda polepole, na kila hatua inazidi kuwa fupi. Kisha akasimama kabisa. Mbele yetu, upande wa pili wa chuma, alikuwa yule mama wa Kimeksiko, bado hajafika, anampepea mjukuu mdogo aliyekwishalala begani kwake.

"Mkwe wangu," mama mkwe akasema bila kunitazama. "Tunawapita hawa?"

"Ndiyo, mama."

"Yule mama tumesimama naye tangu asubuhi. Ametutetea."

Nyuma yetu wenye bangili wengine wakaanza kusogea kwa nguvu. Humwambii mama mkwe apite, na humwambii asipite. Mtoto ndiye aliyemshika mkono, kwa mikono yake yote miwili, akavuta.

"Twende, Bibi," akasema. "Bibi wangu, twende."

Kwa Kiswahili, bila kuambiwa na mtu. Mama mkwe alimtazama, akamtazama sana, na nikaona kabisa kwamba hapo hawezi kukataa tena. Akashika ncha ya mtandio wake, akauvuta hadi chini ya macho, kisha akafunika na macho, akainama, akaongozwa na mtoto kama kipofu. Yule mama wa Kimeksiko alikuwa ameshatuona. Aliinua kipepeo kutusalimia, anacheka kwa furaha kwamba tumefika. Mimi ndiye niliyeitikia.

Walikaa kiti cha mbele, mimi nyuma yao. Boti ikapanda, ikaachiwa, watu wakapiga kelele, maji yakaturukia. Mtoto alikuwa anacheka hadi anakosa pumzi, amemkumbatia bibi yake kiunoni. Alipata alichokuwa anakitaka. Kutokea hapo walikuwa watu wawili wanaojuana, na Jumanne uwanja wa ndege ilibidi tuwatenganishe kwa nguvu.

Mlangoni pa kutokea kuna kioo kinachoonyesha picha ulizopigwa wakati unaporomoka. Nazo zinauzwa. Mtoto aliitaka, nikalipa tena, nikiwa sina hata nguvu ya kukasirika. Yeye mdomo wazi, nywele zimesimama. Mimi macho nimefumba. Na kando yake mtu amekaa wima, hana uso, kitambaa kimelowa kimemganda kichwani. Alikuwa hajakifunua tangu kwenye uchochoro.

Picha iko kwenye friji yetu hadi leo. Mwaka uliofuata bustani zikafungwa kwa ugonjwa, hakuna aliyekwenda kokote, na binti yangu akawa anampigia bibi yake kwa video karibu kila siku, Kiswahili chake kinaongezeka, kibovu lakini kinatembea. Siku moja akiwa anasubiri simu ipokelewe akaitazama ile picha, akaniuliza kwa nini Bibi alijifunika. Nikamjibu haraka haraka kwamba aliogopa maji.

Akafurahi sana kupata cha kumtania. Simu ilipopokelewa tu akapiga kelele, "Bibi! Kwenye boti, wewe uliogopa maji!"

Niliiona sura ya mama mkwe kwenye kioo cha simu, ikanitafuta mimi nyuma ya mtoto, ikanipata.

"Eeh, mjukuu wangu," akasema. "Niliogopa sana."